Uttarayan, Pongal, Lohri: sikukuu moja au tatu?

mgeni_wa_vadodara, Januari 8

Salaam wadau. Nina miezi mitano hapa Vadodara, jimbo la Gujarat, nasoma ufamasia mwaka wa kwanza. Nimepanga chumba cha chini kwa bibi mmoja mjane, sote tunamwita Ba. Tangu wiki iliyopita nyumba imechangamka kama kuna harusi. Wajukuu wake wamenunua vishada vya karatasi, nimehesabu mia na arobaini, na kila usiku wanakaa sebuleni kuvitoboa na kuvifunga nyuzi. Nje, kando ya barabara, kuna wanaume wamesimika nguzo mbili, wamezungusha uzi kutoka nguzo hii hadi ile, na wanatembea huku na huku wakiupaka uji wa rangi ya waridi. Vidole vyao vimefungwa vitambaa. Ba ameniambia tarehe 14 nisipange safari yoyote, nipande naye juu ya paa.

Sasa nimechanganyikiwa. Ba anasema ni Uttarayan. Ninayekaa naye chumba kimoja anatoka Coimbatore, kule kusini, anasema hiyo ni Pongal na kwao hakuna vishada, kuna chungu. Mwenzetu darasani wa Ludhiana, kule Punjab, anasema kwao ni Lohri, usiku wa tarehe 13, na ni moto. Je, ni sikukuu moja au tatu? Na wanaadhimisha nini hasa? Diwali nilielezwa kwamba Rama amerudi nyumbani, nikaelewa. Hii kila ninayemuuliza maana yake ananijibu chakula.

La mwisho, mimi ni Mwislamu. Mama kule Tanga ameniuliza kwenye simu kama huko juu ya paa kuna ibada. Sikuwa na jibu. Mliowahi kuishi huku nisaidieni. Na je, niende na nini mkononi?

binti_wa_kisauni, Januari 8

Mdogo wangu, waliokujibu chakula wamekujibu sawasawa. Nitakueleza kwa nini.

Mimi nilisoma Ahmedabad miaka minne, nikakaa bweni, lakini kila Januari rafiki yangu wa darasani alinichukua kwao Khadia, ndani ya mji wa zamani. Huko nyumba zimebanana ndani ya vichochoro wanavyoviita pol, kila pol ina lango lake, na mapaa yamegusana kiasi kwamba watoto wanavuka kutoka nyumba hii hadi ya tatu bila kushuka chini. Mapaa hayo siku ya Uttarayan watu wanakodishwa kwa pesa nzuri, familia zilizohamia ng'ambo ya mto Sabarmati zinarudi kukodi paa lile lile walilokulia.

Jina lenyewe ndilo maana. Uttara ni kaskazini, ayana ni mwendo. Siku hiyo jua linahesabiwa kuwa limeanza safari ya kwenda kaskazini. Jina la India nzima ni Makar Sankranti: sankranti ni kule jua kuvuka kutoka buruji moja kwenda nyingine, na Makara ni ile buruji ambayo wazee wetu wa falaki wanaiita Jadi. Ndiyo maana tarehe haihami. Diwali, Holi, Navratri zote zinafuata mwezi, kila mwaka unatafuta kalenda. Hii inafuata jua, kwa hiyo inaangukia Januari 14, mara nyingine 15.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba jua ni moja na siku ni moja, ila kila jimbo linalipokea kwa kile lilichovuna wiki hizo. India ni kubwa. Mpunga wa Tamil Nadu kule kusini, miwa, ufuta, choroko, karanga, kila kimoja kimeiva kwa wakati wake na kwa mahali pake. Anayekujibu chakula anakueleza shamba lake.

Visa vya kidini vipo pia. Katika Mahabharata, utenzi wao wa kale, mzee Bhishma alichomwa mishale hata mwili wake ukalala juu ya mishale badala ya kitanda, naye alikuwa amepewa uwezo wa kuchagua siku ya kufa. Akangoja siku 58 mpaka jua ligeuke kaskazini ndipo akakata roho. Wengine watakwambia ni siku ambayo Surya, mungu wa jua, anamtembelea mwanawe Shani, mwenye buruji hiyo, baada ya kutoelewana kwa muda mrefu. Hii ya baba na mwana naipenda, kwa sababu inaendana na desturi ya kupeana vitu vitamu na kusameheana.

Nikirudi kwenu Gujarat. Asubuhi mapema wengine huoga, hutoa sadaka ya ufuta, nafaka na nguo, na kuwapelekea ng'ombe majani. Hilo ndilo la kidini na linafanyika chini, mapema. Baada ya hapo ni paa, kutwa nzima. Kwa upande wangu nilifanya hivi: wakati wa kumwomba jua nilikaa kando kwa adabu, wakati wa kula na kushika uzi nilikuwa pamoja nao. Hakuna aliyenilazimisha kitu hata siku moja. Mwambie mama hivyo. Na mwambie jambo jingine: vishada hivyo mia na arobaini huenda vimetengenezwa na Waislamu. Nilikwenda Jamalpur na rafiki yangu kununua, mtaa mzima ni familia za Kiislamu zinazokata karatasi na kukunja vijiti vya mwanzi tangu mwaka uliopita unapoisha hadi huu unapofika. Mama mmoja alikuwa anagundisha karatasi huku mtoto amelala mapajani, mkono haukosei. Sikukuu ni ya Wahindu, mkate unaingia kwa jirani.

Mkononi beba miwa kama utapata, au kashata za ufuta. Wao wanaziita chikki, na utakapozionja utazitambua: karanga au ufuta umeshikwa kwa sukari guru. Hilo neno letu "guru" ni lao, gur, au gol kama wanavyosema Wagujarati. Wametuletea neno pamoja na bonge.

kijana_wa_madurai, Januari 8

Dada kaeleza vizuri upande wa Gujarat. Naomba niseme wa huku kusini maana yule wa Coimbatore anayekaa na mwenzetu atanuna akisikia Pongal imepitiwa juujuu.

Pongal ni siku nne. Ya kwanza, Bhogi, vitu vikuukuu vya nyumba vinachomwa alfajiri. Ya pili ndiyo Thai Pongal yenyewe, siku ya kwanza ya mwezi wa Thai. Mlangoni wanawake wanachora kolam kwa unga wa mchele, mistari inayozunguka nukta, na siku hiyo inakuwa mikubwa hadi katikati ya barabara. Kisha uani, kwenye mafiga, jua likiwa linachomoza, chungu kipya kinatiwa maziwa. Shingoni kimefungwa mche mbichi wa manjano, na majani yake. Watu wote wanasimama kukizunguka, wanangoja. Maziwa yakipanda na kumwagika nje ya mdomo wa chungu, wanapiga kelele: "Pongalo Pongal!" Neno lenyewe maana yake ni kuchemka na kufurika. Kwetu maziwa yakimwagika mtu anakemewa. Kwao yasipomwagika ndiyo huzuni. Baada ya hapo unatiwa mchele mpya, choroko, sukari guru, samli na korosho, ndio huo wali mtamu.

Siku ya tatu ni ya ng'ombe, Mattu Pongal. Wanaogeshwa, pembe zinapakwa rangi, wanavikwa shada, wanalishwa ule wali. Nimemwona mzee mmoja kijijini akimshika ng'ombe wake kidevu na kuzungumza naye kama mwanawe. Siku hizo ndipo panapokuwa na jallikattu, vijana kung'ang'ania nundu ya fahali, na vijiji mashuhuri viko huku kwetu Madurai: Avaniyapuram, Palamedu, Alanganallur. Mahakama ya Juu ya India iliupiga marufuku mchezo mwaka 2014, Januari 2017 watu wakajaa ufukwe wa Marina kule Chennai siku kadhaa wakidai urudishwe, jimbo likatunga sheria, na mwaka 2023 mahakama hiyo hiyo ikaikubali. Mimi nilikwenda mara moja tu, sikurudi. Vijana wanaumia na wengine hufa. Lakini nikizungumza na wenyeji naelewa kwamba kwao fahali huyo ni mtu wa nyumbani.

Siku ya nne ni ya kutembeleana. Kuna msemo wao naupenda: mwezi wa Thai ukizaliwa, njia nayo huzaliwa. Harusi, kazi mpya, safari, vyote vinangoja Thai.

mwalimu_wa_jiografia, Januari 9

Naomba kuongeza jambo kwa binti_wa_kisauni. Jua haligeuki kaskazini Januari 14. Linageuka Desemba 21 au 22, ndipo mchana unapokuwa mfupi kuliko siku zote huko kaskazini ya ikweta.

Tofauti inatokana na namna ya kuhesabu. Wahindi wanapima buruji kwa nyota zenyewe. Dunia nayo, huku ikizunguka, mhimili wake unayumba polepole kama pia inayotaka kulala, mzunguko mmoja unachukua miaka kama 26,000. Matokeo yake nyota na majira vinaachana digrii moja kila miaka 72 hivi. Miaka kama 1,700 iliyopita siku ya jua kugeuka na siku ya kuingia Makara zilikuwa pamoja. Tangu hapo zimeachana, na zinaendelea. Swami Vivekananda, mtawa wao mashuhuri, alizaliwa siku ya Makar Sankranti, na tarehe ilikuwa Januari 12, 1863. Leo ni 14 au 15.

Wasomaji wa pwani hili lisiwashangaze. Mwaka wetu wa Nairuzi, ule wa Mwaka Kogwa wa Makunduchi, nao unakwenda kwa jua wakati Idi zinakwenda kwa mwezi. Manahodha na wakulima walihesabu miongo yao kutoka Nairuzi kwa sababu upepo na mvua havifuati mwezi. Mkulima popote alipo anahitaji kalenda ya jua.

binti_wa_kisauni, Januari 9

Mwalimu, ahsante, nimesahihishwa. Nilikuwa nimelisema kama nilivyosikia juu ya paa.

Na umenikumbusha jambo. Januari ndiyo kaskazi yetu imeshika. Upepo huo huo ndio uliokuwa ukizishusha jahazi za Mandvi na Mundra, huko Kachi, kuja Zanzibar na Mombasa, na wakangoja kusi kurudi. Babu mzaa mama alikuwa kuli bandarini, akituambia majahazi ya Wahindi yanakuja "na baridi yao". Nilipokuwa Ahmedabad, asubuhi ya Uttarayan, shali mabegani, kila mtu anatazama juu akiuliza upepo uko wapi, nilimuwaza yeye. Kishada bila upepo ni karatasi. Siku nzima mji wa mamilioni unazungumza habari za upepo kama mabaharia.

nesi_wa_pune, Januari 9

Nami nitie neno la Maharashtra, fupi. Hapa unapewa kidonge cha ufuta na sukari guru mkononi, na anayekupa anasema: "Tilgul ghya, god god bola." Pokea ufuta na guru, sema maneno matamu. Watu waliogombana mwaka mzima wanapeana. Wodini kwetu dada mmoja ambaye hatukuwa tukisalimiana tangu Agosti alinifuata hadi chumba cha dawa, akanipa, akasema hayo maneno, akaondoka. Nilitafuna nikilia.

Jingine: siku nyingine zote za sikukuu nguo nyeusi hukwepwa, siku hii inavaliwa. Wenyeji wanasema nyeusi inashika joto na hiki ni kilele cha baridi. Ufuta nao wanasema unatia mwili joto. Wenzangu wa Karnataka wana msemo karibu ule ule, ila wao wanachanganya ufuta, nazi kavu, karanga na guru, na watoto wa kike ndio wanaozungusha nyumba kwa nyumba.

mgeni_wa_vadodara, Januari 9

Mmenifungua macho wote. Nimemsomea mwenzangu wa Coimbatore ile ya maziwa, ameduwaa, ananiuliza huyu Mwafrika wa Madurai ni nani.

Bado Lohri. Na kuna jambo limenitia wasiwasi. Ba amenikataza kupanda pikipiki wiki hii. Mjukuu wake ameweka waya wa chuma uliopinda mbele ya usukani wa skuta yake. Ni wa nini?

binti_wa_kisauni, Januari 9

Lohri nimehudhuria moja tu, kwa familia ya Kipunjabi iliyohamia Ahmedabad. Moto unawashwa usiku wa tarehe 13, watu wanauzunguka wakirusha ndani ufuta, karanga, bisi na guru, na wanaimba kumsifu Dulla Bhatti, jambazi mwema wa Punjab zama za mfalme Akbar, aliyewaokoa mabinti na kuwaoza kwa heshima. Nyumba yenye bibi harusi mpya au mtoto mchanga ndiyo inayowasha moto mkubwa kuliko zote. Usiku ule alikuwepo mtoto wa wiki sita, akazungushwa kila mkono. Nami nilimshika.

Sasa ule waya. Sikiliza vizuri, hapa sitaki upite haraka.

Uji ule wa waridi uliouona una unga wa chupa. Wanasaga kioo, wanachanganya na uji wa mchele na rangi, wanaupaka uzi. Unaitwa manja. Lengo la mchezo ni kukata uzi wa jirani, ukikata, paa zima linapiga kelele "Kai po che!", na anayeshika gurudumu la uzi anaambiwa "Lapet!", kunja. Ni furaha kubwa, siwezi kukudanganya, na mimi nimepiga kelele hizo hadi sauti ikakauka. Lakini uzi uliokatika unaanguka. Unaning'inia kati ya mti na nguzo ya umeme, mtu anakuja na pikipiki, hauonekani, unampata shingoni. Waya wa skuta ni wa kuunasa kabla haujamfikia. Mwaka wangu wa pili mdogo wake rafiki yangu alikatwa hapa chini ya kidevu, akashonwa nyuzi tisa. Alikuwa anakwenda kununua jalebi. Aliponea kwa sababu alikuwa amejifunga skafu kwa ajili ya baridi. Jifunge skafu. Usipande pikipiki.

Mbaya zaidi ni uzi wa nailoni, wanaouita manja ya Kichina. Huo haukatiki kwa urahisi wala hauozi. Umepigwa marufuku India nzima na mahakama ya mazingira tangu 2017, ila bado unauzwa kwa kificho. Wajukuu wa Ba wakiwa nao, zungumza nao kwa upole. Wa pamba unatosha.

Na ndege. Kunguru, njiwa, korongo, mwewe, wanakatwa mabawa kwa maelfu na nyuzi zile. Serikali ya Gujarat ina kampeni ya kuwaokoa, Karuna Abhiyan, kila Januari tangu 2017, madaktari wa mifugo na vijana wa kujitolea wanashinda mezani wakishona. Wanaomba watu wasirushe alfajiri na magharibi, saa ambazo ndege wanatoka na kurudi viotani. Miaka yangu miwili ya mwisho niliacha kurusha, nikawa nazunguka na boksi la viatu na taulo. Rafiki yangu alisikitika mwanzoni, kisha akaja nami. Ukimkuta ndege amenasa usimvute uzi. Mfunike kwa kitambaa, mtie bokseni gizani, muulize Ba wapi pa kumpeleka.

Kula undhiyu. Wana chungu wanakigeuza kichwa chini, moto unawekwa juu, ndani kuna kiazi kikuu cha zambarau, viazi vitamu, biringanya ndogo, ndizi mbichi, maharage mabichi na vidonge vya unga na majani ya uwatu. Hakuna nyama, mama atulie. Kinapikwa kipupwe tu, mwezi wa tatu huvipati vitu vyake.

mgeni_wa_vadodara, Januari 16

Naleta marejesho.

Tulipanda saa moja asubuhi. Ba alikuwa tayari yuko juu, amevaa sweta la marehemu mume wake. Alitazama jua, akakunja mikono, akanong'ona, ikawa dakika mbili, nikasimama pembeni. Kisha akageuka, akaniambia nishike gurudumu. Mimi ndiye niliyekuwa msaidizi wa mjukuu wake mdogo, wa miaka tisa, na tulikata vishada kumi na moja. Mwenzangu wa Coimbatore alichemsha maziwa yake kule kule juu kwenye jiko la gesi, kwenye sufuria kwa kuwa chungu hakupata, akafunga kipande cha manjano kwa uzi wa kishada. Yalipomwagika alipiga kelele peke yake, kisha paa zima likamwitikia, na la jirani pia, ingawa sidhani walijua wanaitikia nini.

Uzi wa nailoni ulikuwepo, gurudumu moja. Nilimwambia mjukuu mkubwa habari ya yule aliyeshonwa nyuzi tisa. Hakunijibu. Jioni nililikuta ndani ya ndoo ya taka, limekatwakatwa.

Usiku walirusha vishada vyenye taa, kimoja nyuma ya kingine kwenye uzi mmoja, vinapanda kama ngazi. Nilimpigia mama simu ya video. Ba akaomba simu. Hawana lugha moja. Ba alimwonyesha kashata za ufuta nilizonunua, mama naye akaenda jikoni akarudi na kibunda cha kashata alizofunga za kuuza, akakiinua mbele ya kamera. Wakakaa hivyo, kila mmoja ameinua zake.

Dada, njiwa tulimpata asubuhi ya tarehe 15, amenasa kwenye waya wa kuanikia nguo. Yuko kwenye boksi la viatu, daktari kamshona bawa la kushoto, jana amekula mtama.